Lauteri Hazikwi kwa Maneno Matamu

1

Ditram Ngonyani aliingia msibani akitukana tangu getini.

Dada yake, Osmunda, alimwona kabla hajamsikia. Alikuwa ameketi mkekani sebuleni katikati ya wanawake, mlango ukiwa wazi, akamwona mdogo wake anapanda ngazi na Wangoni wenzake kutoka Songea. Alikuwa amevaa koti la suti nje ndani na sufuria kichwani. Mdomo wake ulikuwa wazi kama wa mtu anayeita ng'ombe bondeni. Osmunda aliusoma mdomo huo vizuri. Ulisema: "Yuko wapi huyo mvivu? Amelala tena?"

Ilipopita muda wa kupepesa jicho, sauti ya Ditram ikafika masikioni mwa watu wote.

"Poleni sana, ndugu zangu. Tumeguswa mno na msiba huu."

"Asante, tumeshapoa," wanawake wakaitikia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mtaani Majabali. Kila neno lilipita mnarani kwanza. Mnara ulilisikia, ukapima ukali wake, ukachonga upya kilichozidi, kisha ukalirudisha kwa sauti ile ile ya msemaji kwenye kitulizo, kidude kidogo kama punje ya harage kilichokaa ndani ya sikio. Mvua ilipita kama ilivyo, na milio ya magari, na mbwa. Ni maneno ya watu tu yaliyochongwa. Wageni waliona watu wa Majabali ni wazito wa kujibu. Wenyeji hawakuona chochote, walishazoea kutazama mdomo wa mtu ukifunguka na kusubiri kidogo. Mgeni alipewa kitulizo chake kwenye kizuizi cha kuingilia mtaani, akasomeshwa ukurasa mmoja kwa sauti ili mnara umjue, akaruhusiwa kupita.

Ditram alizunguka sebule yote. Alimnyooshea kidole mzee mmoja, akapiga sufuria yake kwa kijiko, akalala chini mbele ya jeneza akikoroma. Watu walimtazama kwa huruma. Mama mmoja alimfunika kanga.

Osmunda akainuka, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Huko alitoa kitulizo chake na kumwonyesha naye afanye hivyo. Hakuna sheria iliyokataza. Ilikuwa kama kuvua nguo: kila mtu alijua inawezekana, hakuna aliyefanya mbele za watu.

"Nimetukana mpaka koo limekauka," Ditram alisema. "Nimemwita mvivu, nimemwita mlevi wa ulanzi, nimesema mbwa wa Iringa nzima leo wanacheza ngoma kwa sababu mlaji wao mkuu amekufa. Yule mama akaniambia Mungu anibariki."

Osmunda alicheka. Hakuwa amecheka tangu mumewe, Lauteri, afe.

"Usicheke, dada. Hii ni kazi yangu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vya kweli, wakachoka kuuana, wakakaa chini wakakubaliana watukanane mpaka mwisho wa dunia. Mimi ni mtani wake kabla sijawa shemeji yake. Nikimzika kwa pole, nimemzika kama mpita njia."

"Najua."

"Na yeye alijua. Alipokuja kumzika baba yetu si alijilaza kaburini, akasema hatoki mpaka marehemu amrudishie jogoo wake? Mama alikuwa analia, akaanza kucheka katikati ya kilio. Ulimwona."

"Nilimwona."

"Basi wewe ndiye mwenyekiti wa mtaa, na ufunguo wa mnara unao. Uzime mchana wakati wa kuzika. Saa moja tu. Nimzike Lauteri kwa maneno yake, halafu uwashe, wabaki na utamu wao."

Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga ya Osmunda, naye akaushika hapo kwa nje ya nguo.

2

Ufunguo huo ulikuja baada ya moto. Miaka ya mwanzo ya vitulizo nyumba moja mtaa wa jirani iliwaka, na mama wa nyumba akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Majirani walimsikia akiwaarifu kwa upole kwamba jikoni kwake kuna joto. Tangu hapo kila mwenyekiti alipewa ufunguo wa kuzima mnara pakitokea moto, mafuriko au wezi wenye silaha. Msiba haukutajwa.

Kulikuwa na jambo ambalo Ditram hakulijua kuhusu dada yake, wala hakuna mtu mtaani aliyelijua. Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Osmunda na Lauteri walitoa vitulizo vyao, wakaviacha juu ya kabati, wakagombana.

Walianza kwa bahati tu, siku kitulizo cha Lauteri kilipoingia maji naye akamsikia mkewe akimwambia, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba anakula kama mtu anayekimbizwa. Lauteri aliacha kijiko. Aliguna. Alimwonyesha mkewe naye atoe chake, kisha akamwambia kwamba na mboga yenyewe inafaa kukimbiwa. Wakatazamana kama watu waliokutana stendi baada ya miaka mingi. Jumamosi iliyofuata ni yeye Lauteri aliyesema, "Mama Kanisia, hebu tuvitoe tena."

Lauteri Kikoti alikuwa mwashi. Mwaka mmoja alijenga ukuta nyuma ya nyumba kuzuia udongo wa mlima usiwashukie. Jumamosi Osmunda akautazama.

"Umelala huu."

"Umelala wapi? Nimejenga kuta tangu wewe unavaa sare ya shule."

"Na hata kwenye sare nilikuwa na macho. Umelala, Lauteri. Ulijenga mbio mbio ukawahi kutazama mpira."

"Basi jenga wewe, fundi wa maneno."

Alitupa mwiko, akaondoka, akanuna siku nzima. Jumatatu Osmunda aliamka akasikia nyundo. Lauteri alikuwa akibomoa, akisonya, akimtaja mkewe na ukoo wote wa Ngonyani kwa kila tofali. Mvua za mwaka ule ziliangusha kuta nyingi za Majabali. Wa kwao bado umesimama.

Kupitia mnarani, maneno ya Osmunda yangefika hivi: Ukuta ni mzuri, mume wangu, ukipata nafasi uutazame tena. Lauteri angesema asante, angekwenda kuoga.

Si kwamba yote yalikwisha vizuri. Kuna maneno waliyoambiana ambayo hayakufutika, na kuna Jumamosi mbili tatu ambazo Osmunda alilala chumba cha mtoto. Ila alimjua Lauteri. Alijua anapochoka, anapoogopa, anapojifanya amekubali. Hakuna mtu aliyempinga Lauteri kama yeye, na hakuna aliyempinga yeye kama Lauteri. Alijivunia jambo hilo kuliko kiti chake cha uenyekiti, na siku hii ya msiba alijivunia zaidi, kwa sababu alipolia alijua hasa anamlilia nani.

Bishano moja tu Lauteri aliliacha halijakwisha. Alitaka wamwambie Kanisia, binti yao, kuhusu Jumamosi. Osmunda alisema bado. Waliendelea kubishana juu ya hilo hadi wiki aliyougua.

3

Kanisia alikuwa chumbani kwa wazazi wake, anakunja mablanketi ya baba yake. Alikuwa amefika na mumewe, Ezra Sanga, na tangu wafike walikuwa wamesaidiana kila kitu vizuri mno, mmoja akishika huku mwingine akishika kule.

"Mama, funga mlango kidogo," alisema. "Sikutaka kukwambia leo, lakini sipendi uje usikie kwa watu. Mimi na Ezra tumekubaliana tuachane. Matanga yakishaanuliwa."

Osmunda aliketi kitandani. "Amekupiga?"

"Hapana, mama."

"Ana mwanamke?"

"Hana. Hatuna tatizo lolote. Hatujawahi kuwa na tatizo hata siku moja."

"Mtu hana tatizo na mumewe, anamwacha kwa lipi?"

"Kwa hilo hilo." Kanisia alikunja blanketi, akalikunjua tena. "Nikimwambia jambo anasema sawa. Akiniambia nasema sawa. Siku nyingine namtazama anakula, nawaza, huyu ni nani? Siwezi kukwambia anachukia nini. Tunapishana ndani kama wageni wa hoteli. Wewe na baba mliishi kwa amani maisha yenu yote. Nilitaka kama yenu. Nimeshindwa."

Hapo Osmunda angeweza kunyamaza. Angemwambia Mungu atawasaidia, na mnara usingebadilisha hata neno.

"Mimi na baba yako tuligombana kila Jumamosi," alisema. "Tulitoa vitulizo, tukagombana mpaka mchana."

Mdomo wa Kanisia ulianza kusema, ukaendelea kusema kwa muda mrefu. Mshipa ulimsimama shingoni. Mikono ilishika blanketi kama inayokamua nguo. Kilichomfikia Osmunda kilikuwa hiki:

"Nimefurahi umenishirikisha jambo hilo, mama."

Osmunda akakitoa kitulizo chake, akakiweka kwenye meza ya dawa.

"Rudia."

Kanisia alitazama sikio lile lililo wazi. Sauti ilipotoka ilikuwa nzito, imekwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Mlinidanganya. Nimekaa mezani kwenu utoto wangu wote nawatazama, nasema hivi ndivyo watu wanavyopendana. Kumbe mlikuwa na chakula chenu mnakula mkijificha, mimi mnanipa maji ya kuoshea sufuria. Sasa baba amekufa. Sijui hata alikuwaje akikasirika. Mtoto wake wa kumzaa, na sijui."

Osmunda hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu Kanisia aanze shule. Ilimkata. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu ambacho aliona haya kukihisi siku kama ile. Alimwonea fahari. Mtoto ana sauti, alijiambia. Ipo. Haikufa.

"Unasema kweli, mwanangu."

"Sitaki uniambie nasema kweli. Nataka unijibu."

"Basi nakujibu. Shule zote hapa zilikataa mtoto asiye na kitulizo. Ningekufungia ndani usijue kusoma? Leo ungekuwa unanililia hilo. Na ulikuwa mtoto mwenye kisirani, Kanisia, ungetangaza siri yetu dukani kabla ya jua kuzama."

Akaona uso wa binti yake unalainika. Mshipa ukashuka, macho yakatulia, na Osmunda akajua kwamba kilichofika si alichosema. Alichomtumia ni ugomvi, na mnara ulikuwa umempa mtoto pole nyingine tena.

Kanisia naye alijua. Alinyanyua mkono hadi sikioni, ukabaki hapo.

"Naogopa, mama. Wanasema aliyekivaa tangu utotoni akikitoa anaumia."

"Ni kweli anaumia," Osmunda alisema polepole, kwa maneno ambayo mnara usingeona haja ya kuyagusa. "Hakuna atakayekulazimisha."

4

Osmunda aliporudisha kitulizo sikioni na kutoka nyuma ya nyumba, alimkuta Ditram amesimama na Erasto Mgaya, Ofisa Utulivu wa kata, kijana mwenye adabu aliyebeba koti lake mkononi. Alikuwa ametumwa kuangalia mazishi, na Ditram, kwa kutokujua, alikuwa amemweleza mpango wote.

"Shikamoo, mama mwenyekiti. Pole tena."

"Marahaba, baba. Sema tu."

"Kuhusu ufunguo." Erasto alitazama viatu vyake. "Sikuja kukutisha. Nataka tu ujue nilichokiona. Radi ilipopiga mnara wa mtaa wa pili, ulikaa umezimika kutwa. Nilitembea nyumba kwa nyumba. Kuna watu walifurahi, sikatai, wengine waliomba usiwashwe tena. Lakini kuna baba mmoja alimsikia mkewe kwa mara ya kwanza, akachukua begi akaenda kwao, hajarudi. Kuna binti aliacha kula. Hawakufanywa ubaya na mtu. Waliamka tu wakakuta wamevuliwa."

"Wamevuliwa," Osmunda alirudia.

"Ndivyo walivyoniambia wenyewe."

Akaaga, akaenda kukaa na wanaume. Osmunda alimwonyesha mdogo wake sikio. Wote wawili wakatoa vitulizo.

"Hapana," alisema. "Sizimi."

"Unamwogopa huyu mtoto wa serikali."

"Namwogopa Kanisia. Yuko chumbani ameshika sikio lake na hajaamua. Nikizima, nimemwamulia. Yeye na watu wote watakaosimama kaburini."

"Ni saa moja, dada. Kwa ajili ya Lauteri."

"Ulisema nini asubuhi? Babu zetu walikaa chini wakakubaliana, ndipo wakaanza kutukanana. Hawakuanza na tusi. Ukimtukana mtu ambaye hajakubali, huo si utani, umempiga tu. Watu hawa walinichagua niwalinde. Hawakunipa ufunguo nizike mume wangu kwa nguvu."

"Kwa hiyo azikwe kimya."

"Azikwe mbele ya watakaotaka kusikia. Nitawaambia, wachague. Hata wakiwa watatu."

Ditram alipiga jiwe teke. "Na nani atanijibu? Wewe huwezi, wewe ni Mngoni mwenzangu. Anatakiwa Mhehe. Wazee wao wamekwisha, na hawa vijana hawajawahi kusikia tusi tangu wazaliwe. Mtani asiyejibiwa ni mwendawazimu anayepiga kelele makaburini."

"Basi utakuwa mwendawazimu. Wala haitakuwa mara ya kwanza."

Mabega ya Ditram yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Huyu mwanamke. Shemeji alikuvumiliaje?"

"Hakunivumilia," Osmunda alisema. "Alinijibu."

5

Padri alipomaliza sala, na kabla jeneza halijashushwa, Ditram aliruka kaburini na sufuria yake, kitulizo mfukoni, akajinyoosha chali.

Minong'ono ikapita, minong'ono ya upole. Osmunda akasogea mpaka ukingoni, akawageukia watu.

"Ndugu zangu, huyu aliye humu ni mtani wa marehemu. Atamtukana mume wangu. Atatukana kweli kweli, na mimi nataka atukane, kwa sababu ndivyo watu wetu wanavyomheshimu mtu waliyemjua. Anayetaka kusikia, atoe kitulizo. Asiyetaka, akiache, atasikia salamu za rambirambi, na hatakuwa amenikosea. Hakuna atakayemhukumu mwenzake."

Kisha akatoa chake mbele ya watu wote. Lilikuwa jambo dogo, na alihisi upepo baridi sikioni kama mtu aliyevua kilemba kanisani.

Bibi mmoja jirani akatoa chake, akafuata mumewe. Wakafuata wengine wachache, wengi wao wenye mvi. Baba mdogo wa Lauteri, mzee pekee wa ukoo wa Kikoti aliyebaki, alitoa chake pia, lakini yeye alikuwa kiziwi siku nyingi, akawa anatabasamu tu. Erasto alikishika chake, akakitoa nusu, akatazama huku na huku, akakitoa. Kanisia alisimama karibu na Ezra, mikono kifuani. Hakutoa.

"Lauteri Kikoti," Ditram aliita kutoka chini. "Mlevi wa ulanzi, fundi wa kuta zilizopinda. Nimelala kwenye kitanda chako na sitoki. Babu zangu walihangaika miaka na miaka kuitafuta ardhi ya Iringa, leo mimi nimeipata futi sita bila mkuki. Nyie leteni godoro."

Bibi jirani akapasuka kwa kicheko, akajifunika mdomo. Pembeni yake mwanamke mwenye kitulizo alifuta machozi, akasema kwa huruma kwamba shemeji anaongea vizuri. Kaburini palikuwa na misiba miwili kwa wakati mmoja, na kila upande uliutazama mwenzake kwa mshangao.

"Na jeneza lenyewe ni zito," Ditram aliendelea. "Mnamzika na chupa zake? Au ni ile nyama ya mbwa aliyokula Krismasi, haijashuka? Wahehe mko wapi? Nijibuni."

Alisubiri. Waliotoa vitulizo walicheka, lakini walikuwa Wangoni wenzake, Wabena, Wakinga na watu wa huku na kule, na hata Wahehe watatu vijana waliokuwemo walitazama chini. Hakuna aliyejua neno la kurudisha. Osmunda aliuma midomo. Majibu yalimjaa mdomoni, na hayakuwa yake kuyatoa.

"Hakuna Mhehe?" Sauti ya Ditram ilianza kupungua nguvu. Sasa alikuwa amekaa, sufuria imemlalia usoni, anaonekana alivyo, mzee aliyefiwa akiwa amekaa ndani ya shimo. "Hata mmoja? Lauteri, ndugu yangu, umekufa na watu wako wote?"

Kanisia alimtazama mjomba wake. Alisikia rambirambi, bila shaka, rambirambi nzuri. Lakini aliuona uso ule. Akaingiza kidole sikioni, akakitoa kitulizo, akabaki amekifumbata.

Ditram hakumwona. Alikuwa amevuta pumzi ajaribu kwa mara ya mwisho.

"Au Lauteri hakuzaa? Naambiwa alizaa binti. Kibuyu kitupu, ukikigonga hakuna kitu."

Neno lilimpiga Kanisia wazi wazi, la kwanza tangu utoto wake. Ezra alimdaka kiwiko, na Osmunda akapiga hatua moja kumwendea, akajizuia. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya siku hiyo, kusimama pale asimkimbilie.

Kanisia aliuondoa mkono wa Ezra. Alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima.

"Toka," alisema.

"Nani anaongea huko juu?"

"Nimesema toka kwenye kaburi la baba yangu, mla panya wewe."

Ditram akaivua sufuria taratibu.

"Umekuja kutoka Songea umevaa sufuria kwa sababu umeshindwa kununua kofia," Kanisia alisema. Sauti ilitetemeka, ikashika, ikapanda. "Umekula wali wa msiba sahani tatu, nimekuona, na ya nne umefunga kwenye leso. Babu zako walikuja hapa wakikimbia, wakarudi kwao wakikimbia zaidi. Unataka kulala? Lala. Tutakufukia humo humo. Baba yangu hakuwahi kuwa na mtu wa kumtuma maji, leo amepata."

Bibi jirani alilia kwa kucheka. Mzee kiziwi aliona wengine wanacheka, akapiga makofi. Na Ditram, chini kule, alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti jina la Lauteri, akalia kama anavyotakiwa mtu kulia, huku akinyoosha mkono juu.

"Nivute, Mhehe wewe."

"Toka mwenyewe. Ulivyoingia nilikusukuma?"

Osmunda alisimama wima. Alijua watu wanamtazama kuona kama mjane ataanguka. Hakuanguka. Kama angekuwa na nafasi angemwita kila mtu wa Iringa na Songea aje atazame: huyu ni binti yangu na Lauteri.

Ditram akajikwamua mwenyewe akatoka, jeneza likashushwa. Udongo wa kwanza ukatupwa, na wanaume wakaanza kufukia. Hapo ndipo waliposikika watu wawili pembeni.

"Sikujua unaweza kuongea hivyo," Ezra alikuwa anasema. Sikio lake nalo lilikuwa wazi, na uso umempauka.

"Wewe unajua nini kunihusu? Hata chai ya tangawizi siipendi. Nimeinywa miaka yote kwa sababu uliniletea siku ya kwanza nikasema asante."

"Na mimi siipendi ile nyumba. Sikuipenda tangu tunaingia. Nilisema sawa kwa sababu wewe ulisema sawa."

"Nilisema sawa kwa sababu ulikuwa umeshabeba masanduku."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Wewe kwa nini hukusema?"

Sauti zilipanda. Padri aligeuka. Wanaume wawili waliacha makoleo hewani. Kanisia alikuwa amemkaribia mumewe kabisa, kidole kifuani kwake, na Ezra hakurudi nyuma, alikuwa anamtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyeonyeshwa kitu kipya na hataki kukipoteza.

Erasto alikuja mbio mbio, kitulizo chake kwenye kiganja, jasho usoni.

"Mama mwenyekiti, wanagombana makaburini. Niwatulize?"

"Waache," Osmunda alisema. "Na wewe usisimame kama nguzo, unatuchelewesha. Shika koleo."

Kijana alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Kisha akaweka koti lake chini, akashika koleo.